Amana ya Mahitaji Maalumu na Mafunzo ya Teknolojia kwa Wazee Wenye Ulemavu: Mtazamo kutoka Chawia, Taita Taveta

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kauli hii hutumiwa aghalabu kuwaasa wafanyabiashara, lakini inawahusu vilevile wazee ambao mali yao imo mikononi mwa watu wengine. Mzee asiyeona, asiyesikia vyema au ambaye mkono wake umelemaa kwa kiharusi huweza kuwa na shamba, chumba cha kupangisha au fedha anazotumiwa na wanawe, na bado asijue kilichoingia wala kilichotoka. Daftari la siku hizi ni simu, na yeye hajafundishwa kulisoma.

Makala hii inakusudia kueleza njia moja ya kisheria inayoweza kugharimia mafunzo hayo, yaani amana ya mahitaji maalumu. Kwanza tutaijadili istilahi yenyewe. Pili, tutaangalia chimbuko la mfumo huu nchini Marekani. Tatu, tutapima ni yapi katika mfumo huo yanayoweza kutekelezwa chini ya sheria za Kenya, tukiichukua kata ya Chawia katika eneo bunge la Mwatate, kaunti ya Taita Taveta, kama mahali pa kutolea mifano. Mwisho, tutaonyesha kwa nini jambo hili, linaloonekana kuwa la mawakili na wahasibu, linamhusu moja kwa moja mwanafunzi na mhadhiri wa Kiswahili.

Tatizo la istilahi

Dhana tunayoizungumzia ina wahusika watatu. Kuna anayetoa mali, kuna anayeishika na kuiendesha, na kuna anayefaidika nayo. Mwenye kuishika huandikwa kuwa mmiliki mbele ya sheria, lakini haruhusiwi kuitumia kwa manufaa yake mwenyewe. Mfaidika naye hana hati mkononi, ila ndiye mwenye haki ya kudai kwamba mali itumiwe kwa ajili yake.

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoikaribia dhana hii, na kila moja lina kasoro yake. Neno dhamana hutumika katika hati nyingi, na mshikaji mali huitwa mdhamini. Hata hivyo, kwa msikilizaji wa kawaida dhamana ni ile inayotolewa mahakamani ili mshtakiwa aachiliwe, au rehani inayowekwa benki ili mtu akopeshwe. Mdhamini pia ni mfadhili anayetoa fedha zake mwenyewe kulipia karo au timu ya kandanda. Basi mzee akiambiwa kwamba mwanawe atakuwa mdhamini wake, ana haki ya kudhani kuwa mwana huyo ndiye atakayetoa fedha, ilhali ukweli ni kwamba mwana atashika fedha za mzee.

Neno wakfu ndilo lenye historia ndefu zaidi katika mwambao wetu. Mwislamu anapoweka wakfu nyumba au shamba la minazi, asili ya mali huzuiwa isiuzwe wala isirithiwe, na pato lake huelekezwa kwa msikiti, kwa maskini au kwa kizazi chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 suala la wakfu wa familia lilifika hadi Baraza la Faragha mjini London kwa rufaa iliyotoka Mombasa, na baraza hilo likaukataa wakfu ambao fungu la maskini lilikuwa la mbali mno. Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951, kwa upande wake, iliutambua wakfu wa familia. Jambo la kuzingatia ni kwamba dhana ya kutenga mali kwa ajili ya mtu asiyeishika si ngeni kwetu. Lakini wakfu ni istilahi ya kidini yenye masharti yake, na haifai kubebeshwa kila mpango wa aina hii.

Katika makala hii tunatumia neno amana. Ni kweli kwamba benki nazo hulitumia kwa maana ya akiba. Hata hivyo, maana yake ya msingi, kitu alichopewa mtu akitunze kwa niaba ya mwenzake, ndiyo inayobeba wajibu tunaoutaka. Aliyepewa amana hupimwa kwa uaminifu wake, na kuivunja ni khiyana. Mshikaji mali tutaendelea kumwita mdhamini kwa kuwa ndilo jina lililozoeleka katika sheria, mradi msomaji akumbuke tahadhari tuliyoitoa.

Chimbuko la mfumo nchini Marekani

Amana ya mahitaji maalumu, kwa jina hilo, ilikua nchini Marekani kutokana na tatizo mahususi. Serikali ya nchi hiyo huwalipa watu maskini wenye ulemavu na wazee posho ya kila mwezi, na huwagharimia matibabu kupitia mpango uitwao Medicaid. Ili mtu asiye na mwenzi astahiki posho hiyo, mali yake inayohesabiwa haipaswi kuzidi dola 2,000. Kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1989. Kwa hiyo, mtu mwenye ulemavu aliyeachiwa urithi mdogo au kulipwa fidia ya ajali alijikuta akipoteza posho na matibabu kwa pamoja.

Sheria ya mwaka 1993 iliweka wazi njia za kulikwepa janga hilo. Njia ya kwanza ni amana inayowekwa kwa mali ya mlemavu mwenyewe, mradi awe hajatimiza umri wa miaka 65. Akifariki, kilichobaki huirudishia kwanza serikali gharama za matibabu yake. Njia ya pili ni amana ya pamoja, ambapo shirika lisilo la faida huunganisha fedha za watu wengi ili kuziwekeza, lakini kila mmoja huwa na akaunti yake. Mbali na hizo, mzazi au ndugu anaweza kuweka amana kwa mali yake mwenyewe kwa ajili ya mlemavu, na sharti la kuirudishia serikali haliihusu.

Msomaji ataona kwamba mpaka wa miaka 65 unawagusa wazee kwa namna ya pekee. Mtu aliyepata ulemavu uzeeni hawezi kutumia njia ya kwanza. Anabaki na amana ya pamoja, ambayo baadhi ya majimbo huiwekea masharti zaidi kwa waliopita umri huo, au amana iliyowekwa na jamaa zake.

Utaratibu wa matumizi nao una funzo. Mdhamini hampi mfaidika fedha taslimu, kwani zitahesabiwa kuwa kipato na kupunguza posho. Badala yake humlipa muuzaji au mtoa huduma moja kwa moja. Ndiyo maana kompyuta, programu za kuwasaidia wasioona na ada za mafunzo ni miongoni mwa gharama zinazolingana vyema na amana hizi. Ni vitu vinavyoinua maisha ya mtu bila kuhesabiwa kuwa pesa ya mfukoni.

Hali ya kisheria nchini Kenya

Sheria za Kenya hazina aina ya amana iliyopewa jina hili, na tatizo letu halifanani na lile la Wamarekani. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wanaostahiki na kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ni cha kumsaidia mtu kula, wala hakitoshi kununua simu ya kisasa na kumlipa mwalimu. Kwa hiyo swali la familia nyingi za Kenya ni la namna nyingine: kidogo kilichopo kitalindwaje ili kimfikie mzee mwenyewe, kwa jambo lililokusudiwa, hata baada ya mtoaji kuondoka duniani?

Msingi wa kikatiba upo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Kifungu cha 57 kinaitaka serikali ihakikishe kuwa wazee, ambao Katiba inawataja kuwa waliofikisha umri wa miaka 60, wanashiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, wanajiendeleza, na wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Neno kujiendeleza lina uzito hapa, kwa sababu linakanusha dhana kwamba mzee amemaliza kusoma. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003, iliyoanzisha baraza la kitaifa la kuwashughulikia, ilibadilishwa na sheria mpya mwaka 2025.

Kwa upande wa mali, mlango mkuu ni Sheria ya Wadhamini na Urithi wa Kudumu, Sura ya 164, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2021. Marekebisho hayo yaliitambua waziwazi amana ya familia. Inaweza kuwekwa na mtu mmoja au zaidi, wawe ni ndugu au la, ikaanza kazi mtoaji akiwa hai au kwa wasia wake. Haipaswi kuwa chombo cha kufanyia biashara. Ikisajiliwa, wadhamini huwa na nafsi ya kisheria isiyokufa, ikimaanisha kwamba mmoja akifariki mali haingii katika mirathi yake wala haigawanywi na warithi wake.

Mlango wa pili ni wa vikundi. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inawawezesha majirani kuandikisha kikundi, kuwa na katiba na kufungua akaunti. Kikundi si amana kwa maana kamili ya kisheria, lakini katiba yake inaweza kutenga mfuko wa jambo moja na kuwakataza viongozi kuugusa kwa jingine. Kwa wasiomudu ada za wakili, huu ndio mwanzo ulio karibu. Tena unaikaribia ile amana ya pamoja ya Marekani.

Mfano wa Chawia

Chawia ni nchi ya milima. Mwatate, yalipo makao makuu ya kaunti, uko chini kwenye barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta. Voi, mji mkubwa wa kaunti, uko takriban kilomita 25 zaidi. Kwa kijana, safari hiyo si kitu. Kwa mzee asiyeona au anayetembelea mkongojo, kushuka mlima na kupanda matatu ili kwenda kufundishwa kompyuta mjini ni gharama na hatari. Mpango wowote wa mafunzo hapa hauna budi kumfuata mzee aliko.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa miaka 68 amepoteza uwezo wa kuona kutokana na presha ya macho. Wanawe watatu wana vyumba vya kupangisha Voi ambavyo huleta shilingi 6,000 kwa mwezi, na wamekubaliana kuviweka amana kwa ajili yake. Kwa mwaka, pato ni shilingi 72,000. Tuseme simu ya kugusa na visikizi vinagharimu 18,000. Mwalimu anakuja mara mbili kwa wiki kwa majuma 12, yaani ziara 24. Akilipwa 800 kwa kila ziara, jumla ni 19,200; nauli yake ya 300 kila mara inafika 7,200. Vifurushi vya intaneti vya 500 kwa mwezi ni 6,000 kwa mwaka. Jumla yote ni shilingi 50,400. Zinabaki 21,600 za kukarabati vyumba na dharura.

Takwimu hizi ni za kufafanulia tu, ila zinabainisha jambo moja. Gharama kubwa zaidi ni mwalimu na safari zake, ambazo kwa pamoja ni shilingi 26,400, ilhali simu na visikizi ni 18,000. Wengi wanaotaka kumsaidia mzee hununua simu na kuishia hapo. Baada ya miezi miwili simu hiyo huwa ya mjukuu. Hati ya amana inapaswa kutaja mafunzo kwa jina lake, na kutaja pia mafunzo ya kukumbushia katika miaka inayofuata. Ziara moja ya mwalimu kila mwezi, kwa viwango hivyohivyo, itagharimu 13,200 kwa mwaka, na amana ile inaimudu bila taabu.

Kinachofundishwa

Ulemavu wa uzeeni una sifa yake. Aliyezaliwa akiwa haoni huenda alisomea shule maalumu akajifunza Breli. Aliyeacha kuona akiwa na miaka 60 aghalabu hakuijua Breli, na ncha za vidole vyake zimekwisha kuwa ngumu kwa kazi ya jembe. Njia yake ni sauti.

Habari njema ni kwamba sauti hiyo ipo, tena kwa Kiswahili. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure. Hutumia kisemeshi kiitwacho eSpeak NG ambacho Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Simu za Android nazo zina kisoma-skrini kiitwacho TalkBack. Mnamo mwaka 2017 kampuni ya Google iliongeza Kiswahili katika lugha za kuandika kwa kuzungumza, hivyo mtu mwenye mkono uliolemaa anaweza kuitamkia simu ujumbe wake. Mwenye usikivu hafifu atanufaika na maandishi na mtetemo, na mwenye uoni hafifu atanufaika na herufi kubwa.

Somo la kwanza lisiwe historia ya kompyuta. Liwe lile ambalo mzee atalitumia jioni hiyohiyo: kupokea na kukata simu, kusikiliza ujumbe, kujua salio lake. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Machi 2007, fedha za vijijini zimehamia kwenye simu, na tangu mwaka 2023 serikali imezihamishia huduma zake kwa maelfu kwenye mtandao wa eCitizen. Asiyeweza kuitumia simu hulazimika kumpa mwingine namba yake ya siri. Siku anapoitoa namba hiyo, siri imekwisha.

Nafasi ya Kiswahili

Hapa ndipo fani yetu inapohitajika. Katikati ya miaka ya 2000 ilifanyika kazi kubwa ya kukiingiza Kiswahili katika kompyuta, ukiwemo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Wasomi walijadili kama kifaa kile kiitwe kipanya, puku au kiteuzi. Mijadala hiyo ilikuwa na manufaa yake, lakini ilimlenga mtumiaji anayeona. Kwa mzee wa Chawia anayesikiliza, istilahi haina picha ya kuisaidia. Neno lazima lieleweke kwa sikio pekee, katika mara ya kwanza. Kisoma-skrini kinapotamka "kitufe", mwalimu awe amekwisha kumweleza kuwa si kitufe cha kubonyeza kama kile cha mulika mwizi, bali ni sehemu ya kioo ya kugusa mara mbili.

Isitoshe, wazee wengi wa Chawia huwaza na kuzungumza zaidi kwa Kidawida. Lugha hiyo haimo katika kisemeshi cha eSpeak NG. Kiswahili kinakuwa daraja, na mwalimu bora ni yule anayeweza kueleza kwa Kidawida kile ambacho simu imesema kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya, Breli, na teknolojia za mawasiliano zinazowafaa watu wenye ulemavu. Mwongozo wa mafunzo kwa sauti, uliotungwa kwa Kiswahili chepesi na kupimwa na wazee wenyewe, ni kazi inayofaa kabisa kuwa mradi wa wanafunzi wetu.

Kazi nyingine ni hati yenyewe. Kwa kawaida hati za amana huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Mfaidika asiyeisoma hawezi kudai haki iliyomo. Tunapendekeza kila hati iwe na nakala ya Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya mzee na mashahidi, na usomaji huo urekodiwe katika simu yake.

Amana inapogeuka kufuli

Ni lazima tukiri kwamba amana ina hatari zake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika kifungu cha 12 kwamba watu hao wana haki sawa ya kumiliki mali na kusimamia mambo yao ya kifedha. Amana inayompokonya mzee mwenye akili timamu mali yake kwa kisingizio kwamba haoni ni dhuluma iliyovikwa joho la sheria. Kutoona si kutojua.

Kwa hiyo masharti kadhaa yafaa kuzingatiwa. Mali ya mzee mwenyewe isiwekwe amana bila ridhaa yake. Wadhamini wasipungue wawili, na angalau mmoja asiwe mrithi wa mali hiyo, kwa kuwa mrithi hunufaika kwa kila shilingi isiyotumiwa. Hati imtaje mtu wa kuwachunga wadhamini. Malipo yaende moja kwa moja kwa mwalimu na muuzaji. Na hesabu zitolewe kila baada ya miezi mitatu kwa njia ambayo mzee anaweza kuipokea mwenyewe, iwe ni ujumbe wa sauti au maandishi yanayosomwa na simu yake.

Sharti hili la mwisho ndilo kiini cha hoja yetu. Kwa kawaida mafunzo ya teknolojia huonekana kuwa moja ya matumizi ya amana. Kwa hakika mafunzo hayo ndiyo mlinzi wa amana. Mzee aliyefunzwa kusikiliza taarifa ya akaunti anaweza kuuliza kwa nini kodi ya Machi haikuingia. Asiyefunzwa hubaki kutegemea uaminifu wa watu, na sheria yoyote iliyotungwa kumlinda hubaki kabatini.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba amana ya mahitaji maalumu ilibuniwa Marekani kwa ajili ya kulinda posho za serikali, na kwamba haiwezi kuhamishiwa Kenya kama ilivyo. Yanayofaa kuazimwa ni mawili: kuunganisha fedha za wengi huku hesabu ya kila mmoja ikibaki yake, na kumlipa mtoa huduma badala ya kupitisha fedha mikononi mwa wengi. Sheria ya amana za familia na ile ya vikundi vya kijamii zinatosha kuanzia.

Kilichobaki ni lugha. Mawakili wataandika hati na mafundi watarekebisha simu. Lakini kumwambia mzee wa Chawia, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba mali hii ni yako, huyu ameishika tu, na hivi ndivyo utakavyomhoji, ni kazi ya wataalamu wa Kiswahili. Tukiiacha, hakuna idara nyingine chuoni itakayoifanya.